Mdundo wa Sainasi kwenye ECG: Ulio wa Kawaida, Usio wa Kawaida, na Ile Inayofanana Nao

Katika vituo vingi vya afya vya Unguja na Pemba, kipimo cha umeme wa moyo, ambacho sote tumezoea kukiita ECG, hupigwa na mtu mmoja na kusomwa na mwingine, na mara nyingi ni mtu wa tatu anayelazimika kuamua kama mgonjwa arudi nyumbani au apandishwe boti. Huyo wa tatu huanza kwa kusoma maneno yaliyochapwa na mashine juu ya karatasi, na humo hukutana na neno sainasi likiwa limeandamana na sifa fulani: ya kawaida, ya polepole, ya haraka, isiyolingana. Makala haya yameandikwa kwa ajili yake, ili anapokuwa na majina mawili yanayogombea karatasi moja ajue ni lipi la kulichagua na kwa hoja ipi.

Kuna jambo moja ninaloliona likikosewa kuliko mengine yote. Neno sainasi linaeleza mapigo yametoka wapi: kwenye fundo la sainasi, kijisehemu cha moyo kinachoanzisha kila pigo. Halielezi moyo una siha gani. Mgonjwa ambaye mshipa wa moyo wake umeziba asubuhi ya leo anaweza kuwa na mdundo wa sainasi usio na dosari hata kidogo, na aliyezidiwa na potasiamu mwilini vivyo hivyo kwa muda. Kwa hiyo maneno "sainasi ya kawaida" yasichukuliwe kuwa cheti cha uzima. Ni jibu la swali la kwanza tu.

Chanzo kwanza, kasi baadaye

Fundo la sainasi lipo juu kabisa ya chumba cha juu cha kulia, pale mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani na mikononi unapoingia moyoni. Lilielezwa mwaka 1907 na Arthur Keith na Martin Flack wa Uingereza, na inapendeza kukumbuka kwamba Flack, aliyeliona kwanza akichunguza moyo wa fuko, alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari. Kutoka kwenye fundo hilo umeme huteremka kwenda chini na kushoto, na ukilishika hilo huna haja ya kukariri karibu chochote kuhusu wimbi la P, yaani kinundu kidogo kinachochorwa umeme unapopita kwenye vyumba vya juu. Chukua boti inayotoka bandari ya Malindi, Unguja, kwenda Mkoani, Pemba: aliyesimama gatini Mkoani anaiona inamjia, na aliyebaki Malindi anaiona inampa mgongo, ilhali boti ni moja na safari ni moja. Lidi ni pembe ambayo mashine inautazamia moyo. Lidi ya II imesimama Mkoani, ndiyo maana wimbi la P humo huelekea juu. Lidi ya aVR imesimama Malindi, na P humo huelekea chini. Lidi ya I na ya aVF nazo huonyesha P iliyosimama.

Basi ili mdundo uitwe wa sainasi, P iwe imesimama katika lidi ya II na imepinduka katika aVR, umbo lake lisibadilike kutoka pigo hadi pigo, na kila kundi la QRS, yaani mchoro mrefu wa umeme wa vyumba vya chini ambao R ni ncha yake ya juu, litanguliwe na P moja. Muda kutoka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS huwa kati ya sekunde 0.12 na 0.20, yaani miraba midogo mitatu hadi mitano. Muda huo ukirefuka kupita hapo, mdundo unabaki kuwa wa sainasi, ila njia ya kushukia kwenye vyumba vya chini ina uzito, na jambo hilo huandikwa pembeni kwa jina lake. Masharti haya yakitimia, na mapigo yakiwa 60 hadi 100 kwa dakika, na nafasi baina yake zikiwa zinalingana, hapo ndipo tunapoongeza neno "ya kawaida".

P ikiwa imepinduka katika lidi ya II, au imesimama katika aVR, usikimbilie ugonjwa kabla ya kuangalia waya. Mashine zetu zimetoka nchi tofauti, nyingine za msaada, na rangi za waya hazifanani. Katika mpangilio unaotumika Ulaya na sehemu nyingi za dunia, nyekundu ni mkono wa kulia, njano mkono wa kushoto, kijani mguu wa kushoto na nyeusi mguu wa kulia. Katika mpangilio wa Marekani, nyekundu huenda mguu wa kushoto. Waya za mikono zikibadilishana, lidi ya I yote hupinduka, P, QRS na T (wimbi linalofuata QRS) kwa pamoja, na aVR ikasimama. Moyo uliokaa upande wa kulia wa kifua nao huleta picha hiyo hiyo, lakini katika huo mawimbi ya R kifuani huzidi kupungua kadiri unavyoelekea kushoto, ilhali kwa waya zilizopishana lidi za kifua hubaki salama. Waya zikiwa sawa na P bado imepinduka katika II, III na aVF, mapigo hayakuanzia kwenye fundo la sainasi, yameanzia chini zaidi. Muda wa P hadi QRS ukiwa mfupi kuliko sekunde 0.12, yumkini yameanzia kwenye makutano ya vyumba vya juu na vya chini.

Njia mbili za kuhesabu

Karatasi hukimbia milimita 25 kwa sekunde, hivyo mraba mdogo ni sekunde 0.04 na mkubwa ni 0.20. Njia ya kwanza ni kugawa 300 kwa idadi ya miraba mikubwa baina ya R mbili: miraba mitatu ni mapigo 100, minne ni 75, mitano ni 60, sita ni 50. Ni ya haraka, na kwa mdundo unaolingana inatosha. Kwa mdundo usiolingana inadanganya, kwa sababu jibu hutegemea ni nafasi ipi jicho lako limeiangukia. Hapo hesabu R zote katika mstari mrefu wa chini, ambao kwa kawaida ni wa sekunde 10, kisha zidisha kwa sita. Mimi huanza na hii ya pili kila mara, nikaitumia ya kwanza kuhakiki. Kabla ya yote tazama pembeni kama kasi ya karatasi ni 25 kweli, kwani mtu aliyeiweka 50 jana akasahau atakupa wagonjwa wenye mapigo nusu ya waliyonayo.

Ya polepole: ya mwenye nguvu, ya mgonjwa, na ile ambayo si yenyewe

Vitabu vingi huita bradikadia ya sainasi mapigo yaliyo chini ya 60. Mwongozo wa Marekani wa 2018 umeushusha mpaka hadi 50, na kwa watu wa Pemba naona umefanya jambo la busara. Kijana anayepanda mikarafuu tangu alfajiri msimu wote, au mvuvi anayezamia kwa pumzi yake, akilazwa kitandani apumzike anaweza kutoa mapigo 48 na asiwe na ugonjwa wowote. Huyu ukimwambia ainuke atembee hadi mlangoni na kurudi, mapigo yatapanda. Mgonjwa wa kweli hana budi kutafutiwa sababu: propranololi au atenololi aliyopewa kwa shinikizo la damu, digoksini, tezi ya shingo iliyolala, mshituko wa moyo wa upande wa chini, shinikizo ndani ya fuvu. Homa ya matumbo nayo inajulikana kwa kuacha mapigo nyuma ya joto, mtu akawa anaungua huku moyo wake unakwenda kama wa mtu aliyepumzika.

Jirani hatari wa bradikadia ya sainasi ni mziba wa mbili kwa moja, ambapo vyumba vya juu vinapiga mara 80 na vya chini vinaitika mara 40, kwa sababu kila P ya pili inakwama njiani. Karatasi mbili hizi ukiziweka kwa haraka ubavuni kwa ubavu, zote zina mapigo 40 yaliyolingana, zote zina P safi mbele ya kila QRS. Tofauti imejificha ndani ya wimbi la T. Chukua ukingo ulionyooka wa karatasi ya daftari, uulaze juu ya mstari, weka kistari kwenye ncha ya P na kingine kwenye ncha ya P inayofuata. Kisha kunja ukingo huo katikati ya vistari viwili. Pale mkunjo unapoangukia, itazame T: ikiwa bega lake moja ni laini na jingine lina kinundu kidogo, na kinundu hicho kipo mahali pale pale katika kila pigo, umeipata P iliyofichwa. Mwenye bradikadia ya sainasi asiye na dalili anaweza kurudi nyumbani na dawa zake zikapunguzwa. Huyu wa pili haruhusiwi hata kama anadai yu mzima.

Mapigo ya mapema ya vyumba vya juu yanayokwama nayo huleta sura hiyo, ila P yake iliyofichwa huwa karibu zaidi na QRS iliyopita, wala haiangukii kwenye mkunjo.

Ya haraka

Hapa ndipo penye makosa mengi na madhara mengi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Takikadia ya sainasi, yaani mapigo zaidi ya 100 yenye chanzo chake cha halali, karibu kila mara ni jibu la mwili kwa jambo jingine. Homa peke yake huongeza takriban mapigo 10 kwa kila nyuzi moja ya joto. Malaria, upungufu wa damu, mzazi anayevuja damu, nimonia, donge la damu kwenye mapafu, maumivu, tezi iliyozidi kazi, salbutamoli ya mwenye pumu, au mtu aliyefunga mwezi wa Ramadhani akashinda juani shambani hadi alasiri bila tone la maji: wote hawa moyo wao unakimbia kwa sababu umeombwa kukimbia. Kuwapa dawa ya kushusha mapigo ni kumnyang'anya mwenye nyumba ndoo huku moto unawaka. Kinachotibiwa ni homa, damu, maji au pumzi.

Wanaofanana na takikadia ya sainasi ni wawili. Wa kwanza ni ile inayoitwa kwa kifupi SVT, ambayo umeme huzunguka katika njia ya mkato na vyumba vya chini vikalazimishwa kufuata, kwa kawaida kati ya mapigo 150 na 250. Wa pili ni flata ya atria, ambapo vyumba vya juu huenda karibu mara 300 kwa dakika na nusu yake ndiyo hupita, hivyo mapigo hukaa karibu na 150, na mawimbi ya vyumba vya juu hujipanga kama meno ya msumeno.

Mwulize mgonjwa yalianzaje. Mwenye SVT mara nyingi hutaja dakika yenyewe: nilikuwa nimeinama kuteka maji, mara kifua kikaruka. Mwenye takikadia ya sainasi huona yamezidi pole pole, na mara nyingi halalamikii moyo bali homa au uchovu. Kisha mtazame kwa muda. Mapigo ya sainasi hayatulii kwenye namba moja; akikaa ni 128, akilala ni 119, akimwagiwa maji ya mshipa yanashuka kidogo kidogo. SVT na flata hung'ang'ania. Halafu itafute P. Katika sainasi ipo, ijapokuwa kwa kasi kubwa hupanda juu ya T iliyotangulia vikawa kama nundu mbili za ngamia. Katika SVT mara nyingi haionekani kabisa, au hujitokeza kama kijipindo mwishoni mwa QRS. Umri nao husaidia. Kadirio la 220 kutoa miaka ya mtu humpa mzee wa miaka 70 kilele cha karibu 150 akiwa katika juhudi kubwa. Akija na 180 amelala kitandani, fundo la sainasi si la kulaumiwa. Kwa watoto hesabu ni nyingine: mtoto mchanga anayelia kwa homa anaweza kufika karibu 220 na bado ikawa sainasi, na mtoto mkubwa kiasi anaweza kukaribia 180.

Nami niliwahi kukosea. Mzee wa miaka sitini na kitu aliletwa na wanawe jioni, ametapika siku mbili, midomo mikavu, na mashine imeandika takikadia ya sainasi, mapigo 150. Maneno yaliafikiana na maelezo, nikaamuru apewe maji. Baada ya saa moja muuguzi aliyekuwa zamu akaniita kwa sauti ya chini.

"Dakta, mzee wetu 150."

"Na mwanzo alikuwa ngapi?"

"150. Nimempima mara tatu. Hata nilipomkalisha, 150 vile vile."

Nilirudi kwenye karatasi ile ile niliyoisoma, nikaitazama lidi ya II kwa kuigeuza juu chini, na meno ya msumeno yakajitokeza, moja mbele ya QRS na jingine limejibana ndani ya T. Yalikuwapo tangu mwanzo. Ilikuwa flata. Upungufu wa maji ulikuwa wa kweli, lakini haukuwa ndio uliokuwa ukiuendesha moyo wake. Tangu siku ile namba 150 isiyosogea hunifanya nivue miwani niifute kabla ya kusema neno.

Shaka ikibaki, na mgonjwa ana fahamu na shinikizo lake linashikilia, mlaze nusu ameinuka, mpe bomba la sindano la mililita 10 apulize kwa nguvu sekunde 15 kana kwamba anataka kuisukuma pistoni, kisha mlaze chali na kumwinulia miguu kwa sekunde 15 nyingine, huku mashine inachapa. Takikadia ya sainasi hupungua kidogo na kupanda tena pole pole. SVT hukatika ghafla au haitikisiki. Flata haikatiki, lakini QRS zikichelewa kidogo meno ya msumeno hubaki peke yake yakaonekana na kila mtu. Kinachotakiwa ni karatasi iliyochapwa wakati wa tukio. Asiyechapa atabaki kusimulia.

Isiyolingana

Binti wa miaka 14 aliletwa na mama yake kutoka kituo kimoja akiwa na karatasi iliyoandikwa mapigo yasiyolingana. Alikuwa ameshaachishwa mchezo wa netiboli skuli na kuambiwa moyo wake una kasoro. P zilikuwa zote za umbo moja, kila moja na QRS yake, na muda baina yao haukubadilika. Kilichobadilika ni nafasi kutoka P hadi P tu. Nilimwomba avute pumzi taratibu huku nimeshika mkono wake. Mapigo yakakazana. Akatoa pumzi, yakalegea. Nikamwambia aizuie pumzi, na yakanyooka kama mstari wa rula. Hii ni arithimia ya sainasi, inayotokana na neva ya vegasi, ile inayopunguza kasi ya moyo, kufuata pumzi, na kwa mtoto na kijana ni dalili ya moyo mzima. Kipimo chake kwenye karatasi ni tofauti inayozidi sekunde 0.12, miraba midogo mitatu, baina ya nafasi ndefu na fupi. Mama yake aliniuliza mara mbili kama kweli anaweza kurudi mchezoni, nikamjibu mara mbili.

Anayechanganywa na arithimia hii ni fibrilesheni ya atria, na huyo si wa kurudishwa nyumbani bila mpango, kwa kuwa huweza kurusha donge la damu kwenye ubongo. Katika fibrilesheni hakuna P kabisa, mstari wa chini unatetemeka, na QRS huja bila utaratibu wowote unaoweza kuubashiri. Lakini mstari unaotetemeka hautoshi kuwa ushahidi. Umeme wetu wa ukutani, ambao Pemba huupata kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, hugeuka mara 50 kwa sekunde, na ukiingilia mashine utahesabu vijiwimbi kumi vinavyofanana ndani ya kila mraba mkubwa. Fibrilesheni haina nidhamu hiyo. Mzee anayetetemeka mikono au mtoto anayeona baridi nao huchafua mstari, na dawa yake ni shuka na kupiga upya.

Kuna pia hali ambapo P zipo lakini zinabadilika sura, angalau aina tatu katika mstari mmoja, na mapigo hayazidi 100. Chanzo kinahamahama baina ya fundo na maeneo ya jirani. Mara nyingi haina uzito, na sitaisemea zaidi.

Kimya baina ya mapigo

Mdundo ukisita, swali la kwanza ni kama ndani ya kile kimya kuna P. Ikiwapo P pweke isiyofuatwa na QRS, tatizo lipo chini, kwenye njia ya kushukia. Isipokuwapo, tatizo huenda ni la fundo lenyewe, lakini kwanza ichunguze T ya pigo la mwisho kabla ya kimya. Ikiwa imechongoka au imevimba kuliko wenzake, pigo la mapema limejificha humo likakwama, na hiyo ndiyo sababu ya kawaida zaidi ya kusita.

T ikiwa safi, rudi kwenye ukingo wa daftari. Pima nafasi kutoka P hadi P ya kawaida, kisha iweke mara mbili au tatu juu ya kimya. Ikienea barabara, fundo linapiga kwa wakati wake ila umeme umezuiliwa mlangoni mwa fundo. Nafasi za P zikizidi kufupika kabla ya kimya, na kimya kisifike mara mbili ya nafasi, huo pia ni mziba wa mlangoni, wa aina ya kuchoka pole pole. Kisipolingana na hesabu yoyote, fundo limenyamaza. Ukweli ni kwamba kwa mgonjwa tofauti hiyo ina faida ndogo kuliko inavyopewa darasani. Lenye uzito ni urefu wa kimya na kama kinaendana na kizunguzungu. Kimya cha sekunde mbili usingizini kwa mtu mwenye mazoezi hakinishitui. Kinachozidi sekunde tatu, yaani miraba mikubwa 15, mtu akiwa macho, kinataka maelezo.

Mtu mzima aliyeanguka msikitini wakati wa kuinuka kwenye sijida, ambaye karatasi yake ya leo ni ya polepole na ya wiki iliyopita ilikuwa ya mbio, huenda ana fundo lililochoka, na karatasi moja ya sekunde 10 ikitoka safi haimwondoi kwenye orodha. Kumpa dawa ya kutuliza mbio kabla ya kuwa na kile watu wanachokiita betri ya moyo kunaweza kukirefusha kile kimya. Huyu anavuka kwenda kwa mtaalamu, na ndani ya bahasha yake itiwe karatasi yenyewe ya ECG, kwa sababu sentensi yetu kuihusu haitamtosha atakayempokea. Iandikwe saa iliyochapwa, alikuwa amelala au amekaa, na dawa zote alizomeza siku hiyo. Karatasi hizi zinazochapwa kwa joto hufifia zikikaa juani au kubanwa na plastiki, kwa hiyo ipigwe picha au nakala kabla boti haijang'oa nanga.